Geti la Fundi Viatu

Fundi huyu hakushona kiatu cha mtu ambaye mguu wake yeye hajauona. Kanuni hiyo ilimfukuzia wateja wengi kuliko aliowapata. Mtu analeta kiatu cha mumewe, kisigino kimechomoka, kazi ya dakika kumi. Fundi anakipindua, anaitazama soli kama anasoma barua, halafu anakirudisha. "Mwenye hii kiatu akuye na mguu yake," anasema kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi. Mteja anasonya, anakwenda kwa fundi mwingine pale karibu na roboti, taa za barabarani, na mimi niliyekuwa nasikiliza yote nabaki kutikisa kichwa.

Nilikuwa na saluni mlango wa pili, hapo hapo Doornfontein, Johannesburg, kwenye mtaa wa karakana na maghorofa ya kupanga. Nimetoka Tanga, na yeye akaniita Mama Tanga tangu siku ya kwanza, wala hakuuliza jina langu jingine. Ukuta wetu ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilimsikia akigonga misumari, akikohoa, akiimba nyimbo zake za kanisani kwa sauti ya puani, na yeye alinisikia nikigombana na wateja wangu. Miaka tisa tuliishi hivyo. Alizaliwa wapi hasa, na ukoo wake ni upi, sikupata kujua. Nilichokijua ni mikono yake na maneno yake, na kwa mtu kama yule hayo yanatosha.

Mkono wa kulia ulikuwa na kovu la moto tangu kwenye kifundo hadi kwenye vidole, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeshikana. Alishika nyundo kwa vidole vitatu. Siku za baridi ya Joburg, ile ya Juni inayoingia mpaka kwenye meno, mkono ulimuuma hadi akauweka kwapani, akafanya kazi kwa wa kushoto. Ukimuuliza mkono vipi, anakujibu, "Iko tu."

Na hilo geti! Karakana yake ilikuwa na geti la nondo, na sehemu ya chini alikata nafasi ya kutosha kupitisha mguu mpaka gotini. Mteja anakaa nje kwenye kreti la soda, anavua kiatu, anapitisha mguu. Fundi yuko ndani, amepiga magoti, anaupokea. Anauweka juu ya karatasi ya kaki, anauchora kwa penseli, anaupapasa vidole na kisigino. Halafu anamwambia mtu atembee hadi kwenye spaza, kile kiduka cha kona, na kurudi, na yeye amefumba macho, anasikiliza hatua. Vijana wa chuo walikuwa wakipita wanacheka. Mimi mwenyewe nilicheka mwaka mzima wa kwanza. Lakini ndani ya lile geti hakuingia mtu, awe mwenye nyumba, awe mchungaji wake. Hata mimi sikuingia.

Sababu aliieleza mara moja tu, siku umeme umekatika na hakuna kazi. Mwaka 2008 alikuwa akiishi kitongoji cha Alexandra, ana karakana nzuri na mke. Jirani yake mmoja alikuwa na mtoto mwenye mguu uliopinda, na Fundi alimshonea yule mtoto viatu bila malipo, jozi baada ya jozi, kila mguu ulipokua. Jirani alikula kwake, alikaa kwenye kiti chake. Vurugu zilipoanza na watu wakaja na mapanga wakiuliza wageni wanakaa wapi, ni jirani yule aliyeinua kidole na kuonyesha mlango. Fundi alirudi ndani ya moto kuokoa kalibu, ile miguu ya mbao ambayo kiatu hushonewa juu yake. Alikuwa amechonga moja kwa kila mguu wa kila mteja. Zote ziliungua, na mkono nao. Mkewe alipanda basi la kurudi Kongo, akamwambia achague, yeye akabaki. Mke akaolewa huko.

"Mama Tanga," aliniambia siku ile, "mutu ya hapa, mguu yake nitashika. Lakini mu nyumba yangu hapana kuingia tena. Nimemaliza."

Tangu moto ule alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kalibu mpya alizochonga alizipanga kwenye rafu, kila jozi imefungwa uzi wa rangi yake. Mteja akihama mji, au akifariki, kalibu hazibaki. Anazifunga kwa kitambaa, anampa mwenyewe au ndugu zake. Alisema hataki tena kukaa na miguu ya watu wasiorudi. Hivyo mtaani kwetu ukimwona mtu amebeba kifurushi cha namna ile, unajua safari imekamilika, unampa mkono wa kwaheri.

Na yeye mwenyewe alivaa nini? Malapa! Malapa ya supamaketi, ya bluu, kisigino kimelika hadi unaona lami. Fundi bora niliyemjua, amewashonea watu viatu vya kuingilia kanisani na bungeni, anatembea kwa malapa Julai na baridi yake. Nilimsema sana. Akanijibu kwamba mtu hawezi kujipima mguu, kwa sababu akiinama kujichora, uzito wote unahamia mbele na mguu unabadilika. Lazima asimame au akae wima, na mwingine ndiye achore. "Na nani atanipima?" akauliza. Nikamwambia mimi nipo. Akatazama geti, akacheka kidogo, akarudi kazini.

Mkurugenzi alikuja mwaka 2016. Kwanza alikuja dereva wake, na kiatu cheusi cha kike ambacho soli yake ya ndani ilikuwa imenyanyuliwa kwa siri. Fundi alikaa nacho muda mrefu. "Mwenye kiatu hiki anaumwa kiuno," akasema kwa Kiingereza chake. "Aje." Dereva akacheka kwa kelele. Bosi wake ni mwanamke anayeongoza kampuni kubwa ya bima huko Sandton, watu mia kadhaa wanasimama akiingia, na haendi kwa fundi wa kwenye nondo. Akaondoka na kiatu chake.

Baada ya wiki mbili, Ijumaa saa tisa, gari refu likasimama mbele ya saluni yangu. Akashuka mama wa makamo, mrefu, suruali pana, uso wa mtu aliyezoea kujibiwa upesi. Hakusalimia.

"Ni wewe uliyemwambia dereva wangu kwamba naumwa kiuno?" alimuuliza Fundi kwa Kiingereza.

"Ni mimi."

"Nani alikwambia?"

"Kiatu."

Alilitazama lile kreti, wateja wangu wote wametoa vichwa nje na rasta nusu. Halafu akakaa kwenye kreti. Akavua kiatu, akapandisha suruali, na tukauona mguu wa kushoto, mwembamba, mfupi kuliko mwenzake. Akaupitisha chini ya geti. Alikuwa ameuficha maisha yake yote ya kazi, baadaye nilijua hivyo, na siku ile aliutoa mbele ya mtaa mzima. Fundi aliupokea kwa mikono miwili, akasema kitu kimoja tu, kwa Kiingereza chake: "Pole, Madame. Wamekushonea vibaya miaka mingi."

Sasa nieleze jinsi nilivyojua kwamba Fundi amependa. Huyu alikuwa fundi pekee mjini anayesema Ijumaa na kiatu kikawa tayari Ijumaa. Hakudanganya tarehe. Basi kwa Mkurugenzi akaanza: "Bado kidogo, Madame, Ijumaa ijayo." Na kiatu nimekiona kwa macho yangu, kimekwisha tangu Jumanne, kimefunikwa aproni. Alhamisi anafumua mshono, Ijumaa anamwonyesha mama wa watu kwamba kazi bado, Jumatatu anaushona tena. Jozi moja ilichukua miezi minne. Nilikuwa nakaa upande wangu wa ukuta nauma kanga nisicheke. Na yeye Mkurugenzi, ambaye mikutano ilimngoja yeye, alikuja kila Ijumaa akakaa kwenye kreti, simu ameizima, akala karanga za kwenye gazeti. Hakulalamika hata siku moja.

Hapa lazima nijisute, maana nilifanya jambo la kijinga. Sisi watu wa Kiswahili katika mji ule tulikuwa na tabia ya kusema mbele za watu kana kwamba wote ni viziwi. Mwafrika Kusini atajua wapi? Kwa hiyo kila Ijumaa nilisimama mlangoni kwangu nikamtania Fundi, mama wa watu yuko katikati yetu.

"Fundi, huyo mama wa Sandton leo kajipulizia manukato hadi wateja wangu wanapiga chafya!"

"Mama Tanga, fanya kazi yako."

"Fundi, huyu akikuchukua utakula kuku kwa mrija. Usinisahau!"

Siku moja, Ijumaa ya baridi kali, Fundi alikuwa amemshika mguu akimjaribisha kiatu, na mimi nikazidi kumchokoza. Nadhani alichoka. Akanijibu kwa sauti ya chini lakini nilisikia, kwa Kiswahili chake, bila kuinua uso: "Nyamaza, mama. Weye haujui. Huyu mama akikuya, mkono hainiume." Mkurugenzi alikuwa anatazama barabarani, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Ningejifunza pale. Sikujifunza. Baada ya miezi kadhaa, nimekorofishana na mteja, nina hasira zangu, nikamwona Mkurugenzi anashuka garini anachechemea zaidi kidogo kuliko kawaida. Nikasema, na hadi leo nayajutia, "Haya, mguu mfupi cheo kirefu amekuja."

Mkurugenzi akageuka. Akaja hadi mlangoni kwangu polepole. Akasema kwa Kiswahili safi, Kiswahili cha bara, kila neno mahali pake: "Dada, mguu huu uliugua Morogoro. Wazazi wangu walikuwa wakimbizi kwenu, enzi za makaburu. Nilikuwa na miaka sita, na mama mmoja jirani, mtu wa huko huko, ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali. Nimekulia kwenu. Ninyi ndio mlionifunza kusema."

Ewe Mola, nilitamani ardhi ipasuke. Kitana kikanidondoka. Nikamwomba radhi pale pale, nikalia, na yeye akaniwekea mkono begani akasema yamekwisha, lakini nisiseme tena vile kwa mtu. Na nyuma yake tukasikia kishindo. Fundi alikuwa ameangusha nyundo. Maana na yeye alikuwa amehesabu haraka haraka. Kama anasikia Kiswahili leo, alikisikia na siku ile ya mkono.

Karakana ilifungwa siku tatu kwa aibu. Ijumaa iliyofuata alikuwepo, lakini alijikunja huko ndani nyuma ya mashine. Mkurugenzi akakaa kwenye kreti, akavua kiatu, akapitisha mguu chini ya geti, akangoja. Dakika zikapita. Kisha akauliza kwa Kiswahili, taratibu:

"Fundi, mkono unauma leo?"

Nimeshika draya hewani, sijaiwasha.

"Hapana, Madame," akajibu. "Leo haiumi."

Basi. Ndivyo walivyotongozana hao, na sikusikia neno jingine la mapenzi kupita hilo kwa miaka miwili. Alimwita Madame, yeye akamwita Fundi. Mama alileta chai kwenye chupa, akamimina vikombe viwili, kimoja akakipitisha kati ya nondo. Walizungumza habari za kanisa, za mama yule wa Morogoro, za wafanyakazi wake wanaomwogopa. Aliniambia siku moja nikimsuka kwamba ameachika zamani na amezoea, kwamba nyumbani kwake kuna vyumba sita na redio. Fundi alimshonea jozi saba. Kiuno kikapona. Lakini geti lilibaki limefungwa, na mguu ulipita pale pale chini. Mama wa watu hakulalamikia hilo pia, ila niliona jinsi alivyokuwa akilitazama kufuli.

Alikuwa mkaidi, Fundi. Mpole kwa miguu ya watu na mgumu kwa watu wenyewe. Angekesha akitafuta ngozi laini kwa ajili ya bibi mwenye vidonda vya kisukari, halafu bibi huyo huyo akiomba maji, anapewa kwenye geti. Nilimpenda kama kaka, na mara nyingi nilitaka kumpiga.

Katikati ya 2019, Ijumaa moja, Mkurugenzi hakuvua kiatu. Alisimama ameshika nondo. Akasema kampuni inataka kumpeleka London, makao makuu, miaka mitatu.

"Sijawajibu bado, Fundi," akasema. "Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi."

Hata mtoto angejua anachouliza. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta naomba dua. Fundi akafuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena.

"Ni kazi muzuri," akasema.

Ijumaa iliyofuata alikuja tena. Najua alikuja kumpa nafasi nyingine, maana alikuwa amebeba chai. Alipokaa tu kwenye kreti, Fundi akapiga magoti, na pale chini ya geti, pale alipozoea kupokea mguu, akasukuma kifurushi cha kitambaa kilichofungwa uzi wa bluu. Kalibu zake. Ndiyo desturi, mtu anayehama hupewa miguu yake. Kwa akili ya Fundi ilikuwa heshima. Lakini mama wa watu alikuwa hajahama! Na desturi aliijua, mimi mwenyewe nilimsimulia.

Alikipakata kifurushi mapajani. Uso ule uliozoea kujibiwa upesi ulizeeka mbele yangu.

"Basi umenijibia wewe," akasema. Akainuka, akachechemea hadi garini, chupa ya chai ikabaki kwenye kreti.

Nilimwendea Fundi getini nikamporomoshea yote niliyokuwa nayo. Mwanaume mzima! Miaka mitatu unafumua mishono ili umwone, leo unamfungia virago! Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi. Alikuwa analia bila sauti.

"Mama Tanga," akasema, "nikifungua hii geti, sitajua tena kuifunga. Na siku batakuya, je?"

Niliwaona na mimi wale watu wa 2008, nilijua wanaweza kuja. Nikaichukua ile chupa nikaiosha, nikamrudishia. Kila Ijumaa baada ya hapo alilitoa kreti nje saa tisa, akalirudisha saa kumi na moja.

Nao wakaja kweli, mwaka huo huo. Vurugu zikaanza tena mjini, maduka ya wageni yanavunjwa, yanachomwa, na kwenye simu tunatumiana ujumbe, funga, usitoke, leo wako mtaa fulani. Tukafunga wote, Fundi akajifungia humo humo karakanani. Mimi nilijifungia chumbani kwangu Rosettenville na vyakula vya siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka pasipoti yangu iko kwenye droo ya saluni, na saluni ikichomwa, nimekwisha. Nikajifunika mtandio, nikatoka saa nne asubuhi.

Sijawahi kuuona mtaa wetu vile. Vigae vya vioo, harufu ya mpira ulioungua, milango yote ya chuma imeshushwa, hakuna hata mbwa. Niliuambaa ukuta, nikakunja kona. Geti la Fundi lilikuwa wazi. Wazi kabisa, limeegemea ukuta, kufuli linaning'inia. Miaka tisa sijaliona hivyo. Nikasema wamemmaliza, inna lillahi, wamemmaliza kaka yangu. Niliingia nikiwa nalia tayari.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mgongo wima, mzima. Malapa yamevuliwa, yako pembeni. Mguu wake wa kushoto uko juu ya karatasi ya kaki. Na sakafuni, kwenye vumbi la ngozi, na suti yake ya ofisini, Mkurugenzi amepiga magoti, miwani puani, ameshika penseli, anauchora mguu ule polepole kuzunguka kisigino. Dereva hakuwepo. Mama alikuwa amejiendesha mwenyewe kutoka Sandton kupita mitaa ile, gari akaliacha mtaa wa nyuma, akasimama mbele ya geti peke yake barabarani na kifurushi mkononi, na Fundi alipomwona amesimama pale nje, siku ile, hakufikiri, alifungua. Rafuni juu, kalibu zenye uzi wa bluu zilikuwa zimerudi mahali pake.

"Usitikisike," alikuwa anamwambia. "Fundi gani hajui kutulia?"

"Niko natulia, Madame."

"Na London?" nikauliza, maana mimi kimya sikijui.

"Nimewajibu," akasema, hakuinua uso kwenye karatasi.

Nikawaambia kwa jina la Mungu wafunge basi hilo geti, watu wako mtaa wa tatu. Nikalishika nilivute. Fundi akanitazama, machozi yanamshuka hadi kidevuni, mkono wake wa kovu umetulia juu ya bega la yule mama.

"Acha, Mama Tanga," akasema. "Akimaliza."

Pasipoti nilisahau kwamba niliifuata. Nilitoka nje, nikalivuta lile kreti nikaliweka katikati ya mlango, nikakaa, nimeshika nyundo yake mapajani, natazama kona. Nikawalindia mlango mpaka mama alipomaliza kuchora na mguu wa pili.